Neno Kwenye Chupa ya Chiriku

Fundi viatu alikuwa na binti wa miaka saba. Nyumbani walimwita Chiriku, maana akiamka tu, mdomo haufungi. Mama yake alikuwa amefariki. Alilelewa na baba na bibi.

Chiriku alikuwa na kifafa. Kliniki walimpa dawa ya maji, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Bibi aliipima mwenyewe. Chupa aliishika taratibu kama yai, akaimimina polepole. Hakukosa hata siku moja.

Hata hivyo, Chiriku aliendelea kuanguka. Alianguka darasani. Wiki ileile akaanguka jikoni, akaungua mkono. Mwalimu akaomba apumzike nyumbani kwanza. Chiriku akawa kimya, na nyumba nzima ikapoa.

"Mwanangu, dawa hii haimfai," bibi alisema. "Tuiache tu."

"Mama, tukaulize kwanza," fundi alijibu. "Kuuliza si ujinga."

Kesho yake wakaenda kliniki wote watatu. Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia bibi, "Mama, hebu nionyeshe unavyompa."

Bibi akaifungua chupa kutoka kwenye kitambaa. Muuguzi akaiinua penye mwanga wa dirisha. Juu palikuwa na maji mepesi. Chini palikuwa na uji mzito, mweupe kama chokaa.

"Huwa mnaitikisa?"

"Niitikise?" bibi alishangaa. "Mimi naogopa hata kuigusa."

Muuguzi akaweka kidole kwenye maneno mawili makubwa: SHAKE WELL. "Fundi, hapa pameandikwa nini?"

Fundi alijifunza kusoma ukubwani, na Kiingereza hakukijua. "Nilidhani ni jina la mwenye kiwanda," alisema. "Shake ni yeye, Well ni baba yake."

Bibi akacheka. Muuguzi naye akashindwa kujizuia. Chiriku akauliza huyo bwana anaishi wapi.

"Haishi popote," muuguzi alisema. "Neno hili hutamkwa 'sheik', maana yake tikisa. Hilo la pili ni vizuri. Tikisa vizuri. Dawa hutuama chini. Mlikuwa mnampa maji ya juu, na nguvu ikabaki chini. Mngefika huko chini, ingekuwa kali kupita kiasi. Hii msimpe tena, nitawapa mpya. Na dawa ya kifafa msiiache ghafla bila kutuuliza. Ni hatari."

Akaiweka ile chupa pembeni. "Mnisamehe. Tulipaswa kuwaeleza siku ya kwanza."

Tangu siku hiyo bibi aliitikisa chupa, Chiriku akihesabu mpaka ishirini. Kazini, fundi alilikuta neno lilelile kwenye chupa ya rangi ya viatu. Akaitikisa. Rangi ikashika sawasawa. Kumbe miaka yote alikuwa akimlaumu muuza rangi bure.

Mwezi wa kwanza Chiriku alianguka mara moja. Wa pili na wa tatu, hakuanguka kabisa. Akarudi shule. Mwalimu akalalamika kwamba anaongea mno, na fundi akayapokea malalamiko hayo kama zawadi.

Siku ya kliniki, bibi alimshika muuguzi mikono yote miwili. "Mwanangu, sina cha kukupa. Mungu akuweke."

"Asante, mama. Ila wapo wengi hapa nje wasiolijua neno hili."

Fundi, aliyekuja nao, alitoka nje akawatazama watu waliokaa kwenye benchi. Akavua kofia, akasimama mbele yao na chupa mkononi.

"Jamani, samahani," alisema. "Naomba niwaonyeshe kitu."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akafungua mkoba wake, akatoa chupa, akaanza kulitafuta neno.