Mlio Uliokatwa Mkia

Hai-hati ziligonga mara moja zaidi baada ya Carolyne kuzima wimbo. Ts. Mlio mkavu, kama wa mtu anayesonya. Aliitazama kompyuta, ilikuwa imesimama. Akachomoa waya wa spika, akapuliza tundu lake, akauchomeka tena. Waya wa bei rahisi, akajiambia, na akaenda kukoroga maharagwe kabla hayajashika chini.

Alikuwa akitengeneza muziki wa matangazo kwenye kona ya chumba cha kulala, huko Kabiria, Nairobi, kati ya kitanda na kabati, saa ambazo binti yake Mukonyo alikuwa shuleni. Kazi ilitoka kwa Gaurav, mwenye ofisi ndogo ya matangazo mjini, juu ya maduka ya nguo za harusi. Alikuwa mteja mwema, ila masikio yake yalisikia kila kitu. Wimbo wa tangazo la unga alikuwa ameurudisha kwa sababu ya hai-hati, yale matoazi mawili ambayo mpiga ngoma huyafunga na kuyafungua kwa mguu, na ambayo kwenye kompyuta ni kijimlio tu cha ts-ts-ts juu ya ngoma nzito.

"Carol, hizi zinanikumbusha cherehani ya mama yangu," Gaurav alimwambia kwenye simu. "Kila mlio ni sawa na mwenzake. Hakuna mtu ndani."

"Kuna mtu. Ni mimi."

"Basi wewe umechoka."

Hakukosea. Carolyne alijaribu kupunguza nguvu ya mlio huu na kuongeza ya ule, akachelewesha mingine kidogo jinsi mkono wa mtu unavyochelewa. Ilibaki cherehani, ila sasa cherehani iliyolewa.

Ndipo alipokumbuka njuga za susu. Nyanya yake huyo alikuwa mchezaji wa kilumi kule Kitui, ngoma ya akina mama wazee ambayo majini huja kuichezea ndani ya miili ya watu. Alipokufa, njuga zake zililetwa Nairobi ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na kwa miaka mingi hakuna mtu wa familia aliyetaka kuzivaa wala kuzitupa.

Jumamosi moja Carolyne alizifunga kwenye mguu wa Mukonyo, kwa kuwa mguu wa mtoto wa darasa la pili ni mwepesi. Alitundika blanketi dirishani kuzuia kelele za fundi wa mageti, akashika simu karibu na sakafu ili arekodi.

"Ruka tu, mama. Vile unataka."

Mukonyo aliruka huku akicheka. Baada ya muda kicheko kikakoma. Mguu ulikuwa umepata mdundo wake, magoti yamejikunja, na mabega yakaanza kutikisika kwa namna ambayo Carolyne hakuwa ameiona tangu utoto wake mwenyewe. Sauti ilikuwa nzuri kupita kiasi. Lakini wali ulikuwa jikoni, na tayari ulikuwa unanukia moshi.

"Basi, inatosha. Simama hapo."

Mukonyo akasimama, mguu mmoja ukiwa bado hewani.

Kwenye kompyuta, Carolyne alikata mlio mmoja mmoja. Kila mlio wa njuga ulikuwa na mkia, ule mvumo unaobaki nyuma ukifa polepole, na mkia huchafua wimbo. Aliikata mikia yote. Akabaki na vichwa vifupi, vikavu, akavilaza juu ya hai-hati zake za kawaida na kuviacha vijizungushe tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

"Hapo sasa," Gaurav alisema. "Ni nani huyu anapiga?"

"Ni mimi."

"Wapi. Huyu hajachoka."

Mlio ule wa ziada, ambao Carolyne aliusingizia waya, ulianza baada ya hapo na haukuisha. Ulikuja baada ya kuzima wimbo, halafu ukaja bila wimbo kuwashwa. Chumba kikaanza kunuka ugoro, na hakuna mtu nyumbani mle aliyewahi kuunusa. Mukonyo akawa anagonga mguu chini ya meza akila, anagonga ndani ya beseni akioga. Mwalimu wake, Jacklyne, alimpigia Carolyne simu, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha chooni.

"Mama Mukonyo, mtoto hatulizi mguu darasani. Nimeushika na mikono yangu miwili."

"Na?"

"Ulininyanyua."

Alasiri hiyo stima zilipotea mtaa mzima. Kompyuta ikazima, friji ikanyamaza, hata fundi wa mageti akaacha kusaga vyuma, na katika ukimya huo hai-hati ziliendelea, si kutoka kwenye spika bali kutoka sebuleni, ts-ts-ts, moja nzito, mbili nyepesi, moja iliyochelewa kidogo jinsi mguu wa mtu unavyochelewa, na Carolyne aliufuata mlio huo akipapasa ukuta ingawa kulikuwa na mwanga wa kutosha, harufu ya ugoro ikizidi kila hatua, mpaka akamwona Mukonyo akiwa amesimama ndani ya sare ya shule, uso wake kwenye ukuta, mguu mtupu ukipiga sakafu, na kila ulipogusa saruji ulilia chuma, ilhali mkebe wa njuga ulikuwa juu ya kabati, umefunikwa, mahali pale pale alipouweka.

"Mukonyo."

Mtoto hakugeuka. Alisema kwa Kikamba, lugha ambayo Carolyne hakuwahi kumfundisha, kwa sauti ya mwanamume aliyetembea mbali:

"Nimechoka. Mguu wangu uko juu. Ni nani atauweka chini?"

Carolyne alimpigia mama yake mkubwa, Kanyiva, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Kawangware. Kanyiva alifika na kitambaa cha kanisa kichwani, akihema kwa sababu ya ngazi. Alimtazama mtoto, akakivua kitambaa na kukitia mfukoni.

"Mimi niliwacha haya mambo," alinong'ona. "Ulimfunga njuga?"

"Nilikuwa narekodi tu, mwaitu," Carolyne alijitetea, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na ukamwambia asimame?"

"Wali ulikuwa unaungua."

Kanyiva aliuteremsha mkebe wa njuga. "Umemwita mgeni, ameanza kucheza, ukamwacha na mguu juu kwa sababu ya wali. Hawa hawaendi kama hawajamaliza. Susu yako alikuwa anatikisa ule mlio wa mwisho mpaka ujifie wenyewe, halafu anakanyaga. Ndiyo kwaheri yao."

"Ule mkia," Carolyne alisema polepole. "Niliukata."

"Ulikata nini?"

"Mikia yote. Na milio iliyobaki inajizungusha tu."

"Basi shika simu yako. Na usizime mpaka nikwambie."

Kanyiva alizifunga njuga kwenye mguu wake uliovimba, akasimama mbele ya mtoto, akaanza, na wakacheza wawili hao, mwanamke wa miaka sitini na kitu na mtoto wa darasa la pili, magoti yamejikunja, mabega yanatetemeka, jasho likimtoka Kanyiva kidevuni na Mukonyo asitoe hata tone, macho yake meupe, mdomo ukihesabu kitu kisichosikika, mpaka Kanyiva alipoutikisa mlio mmoja mrefu, mrefu, ukapungua, ukawa uzi, ukaisha, na miguu miwili ikakanyaga sakafu kwa pamoja.

Harufu ikatoka kama mtu anayepita mlangoni. Mukonyo akaketi chini akauliza kama kuna maji.

Siku hiyo hiyo, stima ziliporudi, Carolyne aliweka mlio ule mrefu, na mkia wake wote, mwishoni mwa wimbo. Akamtumia Gaurav na kumwandikia: tumia huu peke yake, ule wa kwanza futa, na mwisho usiguswe.

Wiki nzima mguu wa Mukonyo ulitulia. Jumapili, wakiwa mezani, Gaurav alipiga simu.

"Tangazo limeanza leo. Runinga, redio, maduka yote. Wateja wamefurahi kabisa."

"Ni ule wa pili?"

"Wa pili, kama ulivyosema. Ila pale mwisho uliacha mlio mrefu, ulikuwa unafunika jina la unga. Tukaukata. Hata hutajua."

Carolyne alishusha kijiko. "Gaurav. Urudishe."

"Carol, saa hii wimbo uko kila mahali."

Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, runinga ilikuwa inaimba. Ngoma nzito, na juu yake hai-hati, ts-ts-ts, zikiwa hai kama pumzi. Kisha sauti ya mwanamke ikataja unga, na wimbo ukakatika.

Carolyne aliinama akatazama chini ya meza. Mguu wa Mukonyo haukuwa ukigonga. Ulikuwa umeinuliwa tu, vidole vimeelekea sakafuni, unangoja.