Mgonjwa wa Kitanda Namba Nne

Kibonge alianza kulala pembeni. Mtoto wa miezi kumi na moja, ambaye tangu azaliwe hulala katikati ya godoro kama mwenye nyumba, mikono huku, miguu kule, mama yake akibaki kuning'inia ukingoni, mchana ule alijibanza ukutani akaacha nafasi. Nafasi ya mtu mzima. Mama yake alikuwa ametoka chuoni kachoka hoi, akashukuru, akajitupa palepale. Godoro lilikuwa la baridi, tena lilinuka mpira na spiriti.

"Ni nguo zangu," alijisemea. Katoka chumba cha mazoezi, asinuke nini?

Na siku yenyewe ilikuwa imemtoa jasho. Alikuwa anasomea huduma za afya na ustawi wa jamii, mwaka wa mwisho, na zoezi la kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani lilikuwa limemshinda mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukifeli unarudia mwaka mzima, na mama mkwe alishasema wazi kwamba kulea mjukuu mwaka mwingine mgongo hana. Halafu mgonjwa mwenyewe sanamu! Sanamu la mpira, ukubwa wa mtu, mdomo wazi, na kifua ambacho ukikibonyeza sawasawa kinalia klik. Wanafunzi walimwita Mzee. Alilala kitanda namba nne, hajawahi kuamka.

Mwalimu wa vitendo walimbandika jina la Madamu Kandamiza, kwa sababu fomu zilipigwa nakala kwa karatasi ya kaboni na yeye kila dakika ni "kandamiza kalamu, nakala haisomeki!" Siku ile aliishika fomu kama mtu aliyekuta unywele kwenye sahani.

"Anakokwenda, hujajaza. Atakayemtunza, hujajaza."

"Madamu, si sanamu? Linakwenda wapi?"

"Kila mgonjwa ana kwao. Nafasi tupu ni sifuri."

"Lakini kwenye maelezo yake hawajasema..."

"Au nikujazie mimi, mama?"

Wenzake wakacheka. Muda ulikuwa umekwisha, maziwa yamemjaa mpaka blauzi imelowa, mtoto nyumbani anasubiri. Akaandika. Anakokwenda: akaandika kwake, nyumba na mlango. Atakayemtunza: akaandika jina lake mwenyewe. Akaweka sahihi kwa kukandamiza kama anayemchoma mtu, kisha, kama kanuni inavyotaka, akamwinamia Mzee na kumwambia kwa sauti, "Umeruhusiwa. Twende nyumbani." Nakala ya mgonjwa akaisokomeza kwenye mkoba wake, maana Mzee hana mfuko.

"Umeona?" alisema Madamu. "Kumbe unaweza."

Kesho yake, akiwa jikoni anachemsha maziwa, akasikia chumbani: klik. Akazima moto. Klik. Klik. Kwa mpigo uleule waliofundishwa wa kubonyeza kifua. Alipoingia alimkuta Kibonge ameketi kitandani, mkono mmoja umeinuliwa juu kana kwamba umeshikwa, mdomo wazi. Hacheki, halii. Mdomo wazi tu.

Jioni mama mkwe alimvutia mlangoni.

"Mwanangu, umemleta nani humu ndani?"

"Nani tena, mama?"

"Sema polepole." Mama mkwe alichungulia chumbani. "Mchana nimebisha hodi chumbani kwako, nikaitikiwa 'karibu'. Nimeingia, yuko Kibonge peke yake. Na Kibonge hata 'mama' hajaanza kusema."

Siku ya tatu alimpeleka mtoto zahanati, akapanga foleni tangu asubuhi, muuguzi akampima, akajaza kadi yake ya kliniki, akasema mtoto hana kitu, mama apunguze wasiwasi. Hana kitu! Alirudi analia kwa uchungu, akamlaza, akakaa kumhesabia pumzi kwa saa ya mkononi kama alivyofundishwa, dakika nzima, macho kwenye kifua, na katikati ya pumzi za mtoto akasikia nyingine, nzito, ya polepole, inayotoka kwenye ile nafasi tupu ya godoro, inayosubiri mtoto atoe pumzi ndipo yenyewe ivute, kana kwamba inakula makombo yake, na alipopeleka mkono pale palipokuwa na baridi siku ya kwanza akakuta pana joto, joto la mwili wa mtu, na alipomgusa Kibonge shavuni, shavu lilikuwa la baridi, laini, na lilinuka mpira.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga. Mganga alinusa mlangoni, akakataa kuketi.

"Jini likivamia, nalifukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Hili halikuvamia. Limekaribishwa, tena kwa maandishi. Nikilitoa kwa nguvu litatoka na mtoto. Nani kaliandikia?"

Pale ndipo alipoukumbuka mkoba. Akaitoa nakala, imekunjamana. Kwenye mstari wa sahihi ya mgonjwa, ambao yeye aliuacha mtupu na Madamu kwa macho yake yote hakuuona, palikuwa na alama ya dole gumba. Haina mistari. Laini kama mpira.

"Mkono uliomleta ndio utakaomrudisha," alisema mganga. "Leo, kabla chuo hakijafungwa. Ujaze yote, umtamkie. Na nakala yake iachwe kwake."

"Nenda wewe," mama mkwe alisema. "Mimi sibaki na mtoto kwenye nyumba hii hata dakika."

Akaenda na Kibonge, kamfunga mgongoni, anakimbia, na kila hatua mtoto anazidi kuwa mzito, tena mzito wa kulegea, na njia nzima anamlaani Madamu, anailaani fomu, anajilaani mwenyewe. Chumba cha mazoezi kilikuwa wazi, hakuna mtu. Mzee alikuwa kitandani pake, shuka limemfika kidevuni. Alikuwa na jasho.

Alimpakata Kibonge paja moja. Akachana fomu moja kwenye bunda lililoning'inia kitandani, akaweka kaboni chini yake, meza hakuna, akapekua mkoba akatoa kitu kigumu cha kuegemezea, akaanza kuandika huku machozi yanadondoka. Anakokwenda: chumba cha mazoezi, kitanda namba nne. Atakayemtunza? Amwandike nani? Nafasi tupu ni sifuri. Akaandika: mwenye kitanda. Sahihi. Akakandamiza, safari hii alikandamiza kwelikweli. Kisha akasema, "Umeruhusiwa. Baki hapa."

Harufu ikakatika. Ghafla, kama mlango umefungwa. Jasho la Mzee likakauka. Akashusha pumzi ndefu, akamkumbatia mwanawe, akacheka peke yake kama chizi.

"Wewe, unafanya nini humu?" Madamu Kandamiza alikuwa mlangoni na funguo mkononi.

"Najifunza, Madamu."

Madamu akaichukua fomu, akaisoma mstari kwa mstari, uso ukalainika. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alitabasamu.

"Safi kabisa. Hakuna hata nafasi moja tupu. Nakala iko wapi?"

Nakala. Karatasi ya pili hakuiweka.

Akaiinua kaboni. Chini yake palikuwa na kile kitu kigumu alichokitoa mkobani: kadi ya kliniki. Juu lilikuwepo jina la Kibonge, lile la cheti cha kuzaliwa, kwa mwandiko wa muuguzi. Chini ya jina, juu ya mistari ya uzito, kwa bluu ya kaboni iliyokolea, inayosomeka vizuri sana: chumba cha mazoezi, kitanda namba nne. Mwenye kitanda. Na sahihi ya mama yake.

"Kibonge," alinong'ona. Akamvuta kifuani, akambana.

Klik.

Mtoto alikuwa amemtazama, mdomo wazi. Na kutoka kitanda namba nne, ndani ya kile kifua cha mpira, kilio kikaanza, chembamba, cha njaa, kile anachokijua yeye peke yake duniani, na kabla hajageuza shingo kutazama, maziwa yakamtoka, blauzi ikalowa.