Maoni Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Wiki ya kufungua shule, duka la vitabu la Prakash mjini Kisii halikuwa na pa kukanyaga. Wazazi walisukumana na orodha mkononi. Kemuma, karani wa kupokea majani chai huko Itumbe, alijibanza penye sanduku la vitabu vikuukuu, amevaa gauni la maua na sweta ya kijani. Alipoinua kimoja, mkono mwingine ulikishika upande wa pili.

"Hicho hakiuzwi, dada," alisema Hiren.

"Mbona kiko kwa sanduku?"

"Kimepotea. Ni cha kuazima. Ukimaliza, unaandika maoni yako nyuma."

"Na nisiporudisha?"

"Nitakufuata mpaka kwenu."

"Kuja tu. Lakini uache hivyo viatu, kuna matope."

Hiren alicheka. Shati lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi kama karatasi. Alikuwa ametoka Mombasa miezi minne tu iliyopita kumsaidia Prakash. "Kaka!" alimwita Prakash, mzee aliyekuwa kwenye kaunta. "Andika jina la huyu na namba yake."

Kemuma alimtazama yule mzee mwenye mvi. "Huyo ni kaka yako?"

"Ndugu ya baba yangu. Sisi Wagujarati humwita Kaka."

"Afadhali nimeuliza."

Kitabu kiliitwa *Karani wa Stesheni*, hadithi ya zamani ya ujasusi wakati wa vita. Afisa anampenda karani anayesema baba yake amekufa. Halafu anazikuta barua zake kwa "Baba", na bila kumwuliza neno anamkabidhi kwa wanajeshi. Kitabu hakisemi kama msichana alikuwa jasusi kweli, kwa hiyo wasomaji walikuwa wamegombana kwenye kurasa za nyuma. *Msaliti, hata mtoto anaona*, aliandika Bravin. *Afisa ndiye wa kushtakiwa*, akajibu mwalimu Roselyne. Kemuma aliandika: *Nimelia. Bado sijui nimemlilia nani.*

Hiren aliposoma hayo alimpigia simu. Kufikia Aprili alikuwa akimpigia kila siku saa ya chakula.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe uache kuuliza kama daktari."

Kemuma alimweleza mengi, na pia kwamba baba yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Hiren alimshika mkono aliposikia hilo.

Halafu, Jumamosi moja hotelini, simu ya Kemuma iliwaka mezani. Jina likajitokeza kwa herufi kubwa: BABA. Kemuma aliinyakua, akatoka nje na kumpa mgongo. Kupitia mlango Hiren alisikia Kikisii asichokijua, "Ee, baba... yaya, baba," na kicheko cha chini.

"Ni watu wa nyumbani," alisema aliporudi.

Hiren, mtu mzima mwenye ulimi wake, alishindwa kusema, "Baba gani?" Badala yake alianza kupeleleza. Alichungulia simu Kemuma alipokwenda kunawa. BABA, mara tatu. BABA, juzi. Chai ikamgeukia uchungu.

Mwisho wa mwezi wasomaji wanane walikutana dukani kukijadili kitabu.

"Alikuwa anampenda afisa," alisema Roselyne.

"Alikuwa anampenda nani?" Hiren alidakia, macho kwa Kemuma. "Anayedanganya kuhusu baba yake atadanganya kuhusu kila kitu. Hata wanaume wengine."

Wote wakageuka kumtazama Kemuma.

"Unaongea na mimi au na kitabu?" Kemuma aliuliza.

"Nani hukupigia? Baba yako si alikufa?"

"Umekuwa ukisoma simu yangu," alisema Kemuma, akachukua mkoba wake na kuondoka.

Prakash alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakasirika. "Mjinga wewe! Miaka arobaini nauza hapa. Kwa Kikisii baba ni mama! Msichana anaongea na mama yake!"

Simu kumi na moja za Hiren hazikupokelewa. Ya kumi na mbili ilipokelewa na sauti nyingine, nzito.

"Mimi ndiye Baba. Unataka nini?"

"Nataka kuomba msamaha, mama."

"Sisi hatuli msamaha wa simu. Kuja nyumbani, Nyaramba."

Alifika Jumapili alasiri, viatu vimejaa matope mpaka kwenye kamba. Drusilla, mama yake Kemuma, alimwonyesha kiti. Kemuma hakumsalimu. Hiren alimpa kitabu, kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa mwisho: *Afisa alikuwa mpumbavu. Alikuwa na mdomo. Hiren.*

"Mimi nilisikia ukimwita mzee mzima kaka," alisema Kemuma, "nikauliza. Siku ile hotelini Baba alikuwa ananiuliza nitakuleta lini. Nilitoka nje kwa aibu."

"Nina swali sasa."

"Uliza hapa nisikie," alisema mama.

"Kemuma, utaolewa na mimi?"

Kabla hajajibu, simu yake iliwaka mezani. TATA. Hiren aliiona. Kemuma alimwona akiiona, na hakuigusa. Ikalia, ikalia. Mama alishikilia birika hewani.

"Tata ni nani?" Hiren aliuliza.

Kemuma akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Hiren aingie. "Kwetu Tata ndiye baba. Huyu ni Ochoki, ndugu ya marehemu, naye pia tunamwita Tata." Akamsukumia simu. "Mimi nimekubali. Yeye ndiye mgumu. Pokea, umwulize."