Majina Yaliyokatika

Kila alipotoka shule, Ursula hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia mtaa wa Mfaranyaki, kwenye chumba cha mjomba wake Edmund, akavua viatu mlangoni, akafuta meza, kisha akaketi mbele ya mashine. Miaka ile studio za watu binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga mjini Songea, na Mjomba Edmund naye alikuwa na yake: chumba kimoja, magodoro yametundikwa ukutani kuzuia kelele, maikrofoni moja, na kompyuta ndogo kama kitabu, inayoendeshwa na programu iitwayo Linux.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na bongo mbili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Wa kwanza ulifanya kazi zote za Linux: kuonyesha picha kwenye kioo, kutunza mafaili, kunakili nyimbo kwenye CD. Wa pili Mjomba aliuwekea uzio, yaani amri ya kuuzuia usipewe kazi nyingine. Huo kazi yake ilikuwa sauti tu: kuipokea, kuisafisha mvumo na kuihifadhi papo hapo.

"Kwa nini huo wa pili unakaa bure wakati haturekodi?" Ursula aliuliza siku moja.

"Umewahi kupeleka mahindi mashineni?" Mjomba akamjibu kwa swali. "Yule anayeshika gunia kwenye mdomo wa mashine, umemwona akisalimiana na wateja?"

"Hapana, Mjomba. Akigeuka tu, unga chini!"

"Basi sauti ndiyo hivyo. Haingoji mtu. Kila kipande lazima kipokewe kabla kingine hakijafika. Ubongo ukiitwa huku na huku unachelewa, na kilichomwagika hakizoleki. Uzio huo usiuguse."

Ursula hakuugusa, mpaka siku alipokuja Mwanaisha. Huyu walisoma darasa moja, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Siku hiyo Mjomba alikuwa ametoka, na Mwanaisha alitaka nyimbo za harusi ya dada yake zinakiliwe upesi, ziwahi basi.

"Mbona inatambaa kama kinyonga?" Mwanaisha alimcheka. "Fundi gani wewe?"

"Ngoja uone fundi," Ursula akasema, akaondoa uzio. Ubongo wa pili ukaingia kusaidia kunakili, kazi ikaanza kukimbia.

"Mashaallah! Kumbe ulikuwa unaringa tu."

Kazi ilikuwa bado inaendelea mlango ulipofunguliwa. Mjomba alikuwa amemshika mkono mama yake, Bibi Brigita, aliyefika ghafla kutoka Maposeni.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mke mwenzangu. Unazidi kupendeza, mwisho utaninyang'anya mzee wangu."

Wote wakacheka. Lakini Bibi hakuja kwa utani. Katika ukoo wake, mwanamke akizikwa, mwanamke mzee humwimbia wimbo wa kutaja mama zake: mama yake, mama wa mama yake, hivyo hivyo mpaka majina yanapoishia. Waliojua wimbo mzima walikwisha kufariki, akabaki yeye.

"Wenzangu wote nimewaimbia mimi," alisema akijiweka sawa kwenye kigoda. "Mimi ataniimbia nani? Bora nijiimbie mwenyewe, mnitunzie humo."

Mjomba akamshikia maikrofoni karibu na mdomo, ameelekea kwake, kioo kikiwa mgongoni. "Ursula, angalia kioo. Ukiona nyekundu, ujue sauti inapotea, sema."

Bibi akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikuyumba. Alipofika kwenye majina, alama nyekundu ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena. Ursula akakumbuka uzio. Nyimbo za harusi zilikuwa bado zinanakiliwa.

"Nyekundu ile ni nini?" Mwanaisha alinong'ona.

"Nyamaza."

Wimbo ulipokwisha, Mjomba akauliza bila kugeuka, "Vipi, imeingia?"

"Imeingia, Mjomba."

"Kama haikuingia semeni," Bibi alisema. "Niimbe tena, pumzi bado ninayo."

Ursula alimtazama bibi yake, akamtazama mjomba wake. Alijua akisema, ataulizwa habari za uzio. "Imeingia yote, Bibi."

Mjomba akasikiliza mwanzo wa wimbo, akaukuta safi, akaridhika. Gari la kwenda Peramiho, la kumrudisha Bibi kwake, lilikuwa karibu kuondoka, Mjomba akamsindikiza kituoni. Walipotoka, Ursula aliurudisha uzio mahali pake. Rekodi zilizofuata zikatoka bila doa, naye akajiambia kuwa labda vilivyomwagika ni vidogo. Bibi atakuja tena, atamwomba aimbe tena.

Bibi hakuja. Mvua kubwa zilipoanza alishikwa na homa ya mapafu, na hakuinuka.

Siku ya mazishi uwanja wa nyumba kule Maposeni ulijaa watu. Mjomba alikuwa ameleta kompyuta, betri ya gari na spika. Babu alikaa mkekani, fimbo magotini. "Mfungulieni aimbe," alisema. "Nataka kumsikia mke wangu akijiaga."

Ursula alimfuata Mjomba aliyekuwa anaunga nyaya.

"Mjomba, usiifungue."

"Kwa nini?"

"Imekatika. Niliona nyekundu, nikasema imeingia. Nilikuwa nimeondoa uzio."

Mjomba alivaa visikilizio, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mama wa mama yangu ni... kimya. Aliyemzaa huyo ni... kimya. Alipovivua, machozi yalikuwa yanamtiririka hadharani, mtu mzima, mbele ya wakwe zake waliokuja kuzika.

Akaenda kuwaambia wazee. Wanawake wakaulizana. Mmoja tu, Bibi Anatolia aliyetoka Lusewa, aliyakumbuka baadhi ya majina, kwa kuwa aliusikia wimbo ule utotoni.

"Turekodi sasa hivi," Mjomba akasema. "Ursula, kaa kwenye kioo."

"Mimi?"

"Wewe."

Bibi Anatolia alipofika katikati, waya wa maikrofoni ukalegea, nyekundu ikawaka. Ursula alisimama mbele ya waombolezaji wote, akapaza sauti: "Mjomba, simamisha! Nyekundu!"

Watu wakageuka. Mjomba akakaza waya, bibi wa watu akaanza upya, majina yakaingia. Lakini jina la mwisho, lile ambalo wimbo wote uliishia kwake, Bibi Anatolia hakulijua, wala hapakuwa na mtu duniani wa kumuuliza. Wimbo ulipopigwa kaburini, ulifika pale ukakatika. Babu alisubiri huku ametega sikio, kisha akainamisha kichwa.

Baadaye Mjomba alimkuta Ursula nyuma ya ghala la mahindi, akaketi kando yake.

"Kusikiliza mwanzo tu nikaridhika, hilo ni kosa langu," alisema. "Kuondoa uzio ni lako, na hilo lingepona palepale. Mama alikuwa ameketi, pumzi anayo, na aliuliza mwenyewe. Lakini wewe ulinyamaza. Leo umesema, na majina tuliyoyapata yamebaki. Shika hili, mwanangu: ukikosea, sema wakati anayeweza kurekebisha bado yupo."

Ursula aliegemeza kichwa begani kwa Mjomba akalia, na Mjomba hakumbembeleza anyamaze.