Aliyeomba Njia

Saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi, siku ya Jumanne, dada mmoja aliguswa wayo mara mbili akiogelea. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari wake. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Katika klabu ile, iliyofanya mazoezi kwenye bwawa la chuo kikuu lenye umri wa miaka tisini, kumgusa mwenzio wayo ni kuomba njia. Aliyeguswa husimama ukutani, mwenye kasi apite. Dada akasimama. Kitu cha baridi kilimpita ubavuni, kikaacha harufu ya udongo uliochimbuliwa.

Mzunguko mmoja baadaye, Kasa, aliyekuwa mbele yake, naye akasimama.

"We dada, haraka yote hii unawahi harusi yako?"

"Sijakugusa."

"Kama si wewe, nani?"

Mbele alibaki mmoja tu: mdogo wake dada, binti wa miaka kumi na minne.

Mama wa pampu, ambaye waogeleaji walimwita Mganga kwa kuwa ndiye aliyetia dawa majini, aliweka ndoo chini.

"Mmelipisha lililowagusa?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Nyote wawili? Ole wetu. Jini hilo hupishwa mpaka mbele. Wa mbele akilipisha, linaondoka naye. Mwaka mmoja tulitoa maiti hapo."

Dada hakungoja zaidi, alijitupa, akakata maji bila kuvuta pumzi, macho wazi, akaiona miguu ya mdogo wake ikipiga na nyuma yake giza lililonyooka kama mtu, akanyoosha mkono kutafuta wayo wa lile giza, akakuta kwato, akaigusa mara mbili.

Jini likasimama ukutani. Likampisha.

Alimsukuma mdogo wake hadi ukingoni, kocha akamvuta nje. Dada naye aliposhika ukingo, mdogo, akiwa juu kwenye vigae, alianza kutapika maji. Dada akaachia, akaogelea. Kutapika kukakoma. Walijaribu mara tatu. Mara tatu ikawa vilevile.

"Toka, mwanangu," kocha alimsihi. "Utakufa humo."

"Nikisimama, nimelipisha limfikie mdogo wangu. Liko nyuma yangu."

"Mama, fungua maji yatoke!" Kasa alipiga kelele.

"Nimeshafungua. Bomba lenyewe la kizee. Bwawa hili hukauka kwa saa nane nzima."

Mdogo alitembea ukingoni sambamba naye, amejifunika taulo, akilia.

"Dada, unapunguza kasi."

"Nyamaza. Umehesabu mizunguko mingapi?"

"Mia na kumi na mbili."

"Endelea."

Ilipofika saa nne na nusu asubuhi, maji yalikuwa yameshuka vigae vinne. Dada alikuwa bado anaogelea.