Ami Yangu Alikuwa Juu ya Mkarafuu

"Sikuona kitu, Bwana Hakimu. Majani yalikuwa mazito."

Jamani!

Aliyesema hivyo, baada ya kuapa kwa Msahafu, ni Ami Pandu. Ndugu wa baba yangu. Aliyenilea tangu baba afe. Nilipokwenda kusomea ualimu Unguja ni yeye aliyenisindikiza bandarini, akalia kuliko bibi yangu.

Na aliona. Wallahi aliona!

Mwaka ule wa hamsini na tisa karafuu zilizaa mpaka matawi yakainama. Nilikuwa natoka skuli kusomesha, mchana kweupe, napita shambani kwenda nyumbani Shumba. Masika, mchumaji mwenzake Ami, akanitokea nyuma ya mti. Akanivuta. Buibui likapasuka. Nikapiga kelele...

Sauti ikajibu kutoka juu ya mkarafuu.

"Masika! Mwachie mtoto!"

Masika akakimbia. Ami akashuka mbio, magoti yamechubuka, akavua shati lake akanifunika. Akanipeleka mpaka nyumbani.

Mimi huyu, ambaye hata darasani sauti yangu haifiki nyuma, nikaenda polisi.

Sasa kortini, hakimu akanigeukia.

"Kwa nini ulipita shambani peke yako?"

"Ndiyo njia, bwana."

"Hukuwa na ahadi naye?"

"Hapana!"

"Huko chuoni Unguja, mlizoea kutembea na wanaume?"

Watu wakacheka. Nyuma yangu mwanamke akanong'ona, "Kisomo hicho! Kimemfungua macho, kimemfungua na uso."

Masika hakuulizwa alikuwa akitafuta nini nyuma ya mti.

Hukumu ikawekwa Jumatatu. Mwalimu mkuu akaniambia nikae nyumbani mpaka jina langu lisafike. Lisafike vipi, na shahidi wangu wa pekee kaapa hakuona?

Nje nikamshika Ami mkono.

"Kwa nini, Ami?"

Hakunitazama. "Kesi ikifa, mwanangu, na maneno yatakufa. Nani atakuposa weye na kesi ya namna hii? Nimekufunika."

"Umenifunua!"

Sikula. Sikulala. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwisho bibi yangu, Bi Time, akakata shauri.

"Kesi ikisha tu, utapanda meli. Nenda Unguja kwa khalati yako, ndugu wa mama yako. Hapa watakumaliza."

Alhamisi, baada ya alasiri, akamwita Shehe Silima na watu wake wanisomee dua ya safari. Ubani ukafuka mpaka juu ya makuti. Majirani wakachungulia.

Mara mlango ukasukumwa!

Ami Pandu. Kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Shehe, nakuomba! Usimalize!"

Shehe akakatiza kisomo.

"Nimeapa uongo! Nilikuwa juu ya mti, nimemwona Masika kwa macho yangu! Msinisomee halbadiri, nina watoto!"

Msioijua, halbadiri ni kisomo cha kumwapiza mwovu. Kwetu mtu huogopa halbadiri kuliko jela. Ameona moshi wa ubani, kamwona shehe kwetu, akadhani anasomewa yeye!

Shehe Silima akataka kumwambia. Bi Time akamkanyaga mguu.

"Kayaseme kortini, Pandu," bibi akasema. "Hapo ndipo kisomo kitakoma."

Akanionya na mimi: kimya!

Jumatatu nikamkuta Ami nje ya korti. Midomo imemkauka. Macho yameingia ndani.

"Shehe aliishia wapi, mwanangu?" akauliza. "Hapo alipofika, hapawezi kunidhuru?"

Wasomaji wangu... mngefanya nini? Nikinyamaza, nimeshinda. Nikisema, shahidi wangu anarudi zake Shumba, na mimi napanda meli na aibu isiyo yangu.

Lakini niliitazama mikono yake. Mikono ileile iliyonifunika kwa shati.

"Ami... haikuwa halbadiri. Ilikuwa dua ya safari."

"Safari ya nani?"

"Yangu. Nahama. Kwa sababu ya maneno."

Akatazama njia ya Shumba. Akatazama mlango wa korti. Nikajua... basi, anaondoka!

Akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Kumbe niliyekufukuza ni miye," akasema.

Akaingia.

Masika akafungwa mwaka mmoja. Na Ami miezi mitatu, kwa kuapa uongo! Aliyedanganya na aliyerudi kusema kweli ni mtu mmoja, na hakimu hakuwa na kifungo cha kuwatenganisha. Hakimu mwenyewe, kwa maswali yale aliyoniuliza, hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisimani wateka maji wakapata jipya la kusema.

"Ndiye huyo! Kamfunga ami yake aliyemlea!"

Meli sikupanda. Nikarudi skuli. Nilipokwenda kumtazama Ami jela, nikalia mpaka nikashindwa kumwamkia.

"Nyamaza," akaniambia. "Siku hizi unapita njia gani kwenda skuli?"

"Ileile ya shambani, Ami. Mchana kweupe."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Ndugu zangu, binti akija kwako analia, usimuulize alipita wapi. Na kama ulikuwa juu ya mti, shuka... useme ulichokiona. Useme siku ya kwanza!