Misumari Minne ya Uani

Betri zilikuwa mezani, zote mbili, na bado mashine ililia. Mlio mmoja mfupi, kama wa simu inayoishiwa chaji. Sumaku akaweka kikombe chini na kuitazama mashine yake ya kusaka vyuma, imeegemea ukuta palepale alipoiacha. Akajiambia ni masikio ya uzee. Lakini miaka thelathini ya kusikiliza saa za watu ilikuwa imempa masikio makali, na hilo alilijua vizuri.

Jina la Sumaku alipewa na dada yake, Mwalimu, siku alipostaafu ufundi saa na kununua ile mashine. "Wenzako wakistaafu wanafuga kuku," alimwambia. "Wewe unakwenda kuokota vizibo vya soda." Na kweli, mwaka mzima alileta vizibo. Mpaka mzoefu mmoja alipomhurumia akamfunza: nenda polepole, sahani ya mashine iambae ardhi, usidharau mlio hafifu, na penye chuma kingi, ng'oa takataka kwanza, maana chuma kikubwa hufunika sauti ya kitu kidogo.

Ushauri mzuri huo. Ungemfaa popote isipokuwa uani kwa dada yake.

Ua ule ulikuwa wa marehemu mama yao. Kwenye pembe zake nne mama alipigilia misumari minene ya chuma, baada ya Mwalimu, akiwa msichana wa miaka tisa, kukaa mwaka mzima bila sauti. Wakubwa walisema jini ndilo lililomchukulia sauti, na misumari ile ndiyo iliyolibana chini. Kwa hiyo Sumaku alipoomba kutafuta pale uani, dada alimpa sharti moja tu.

"Chimba utakako, mdogo wangu. Pembe niachie."

"Nakuahidi, dada."

Wiki ya pili akaing'oa yote minne. Kila pembe mashine ilikoroma, na ndani ya mkoromo ule alisikia kimlio chembamba, kitamu, kilichomnyima raha. Dada alikuwa sokoni. Alipotoa msumari wa nne kimlio kikanyamaza, na chini hapakuwa na kitu. Akafukia, akasawazisha udongo kwa kiatu, misumari akaitia mfukoni kama mwizi wa kuku.

Asubuhi iliyofuata ndipo mashine ilipolia bila betri. Na mchana akaitwa kwa dada.

Nyumba nzima ilinuka kutu iliyolowa. Mwalimu, mwanamke ambaye hata kaburini mtu angedhani atasahihisha watu, alikuwa amekaa kitandani na daftari magotini. Akaandika, akamgeuzia asome: *Limerudi.*

Sumaku hakuweza kumtazama usoni. Alikwenda zake nyumbani, na mlangoni tu akasikia sauti ya dada yake, nyembamba, ikitoka kwenye hedifoni za mashine zilizoning'inia ukutani, ikimwita mdogo wangu, mdogo wangu, kwanza kama anavyomwita chai ikiwa tayari, halafu kama alivyomwita walipokuwa wadogo na yeye amepotea sokoni, halafu haraka haraka bila kuvuta pumzi, mpaka akazifunika kwa mto na kuukalia ule mto huku akilia kwa aibu.

Mganga alikuja kesho yake, mama mnene mwenye miwani. Akazunguka pembe zote, akazamisha kidole kwenye udongo laini.

"Nani ameng'oa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Dada akamtazama ndugu yake. Uso wa Sumaku ukawaka moto.

"Juzi fundi bomba alikuwa anachimba mtaro huku," Sumaku akasema. "Nilimwona pembeni pale."

Mganga akajifuta udongo kidoleni. "Basi mwambieni. Mkono ulioing'oa uirudishe, na mdomo wake ukiri mbele ya mwenye nyumba. Vyote viwili. Chuma peke yake kitalihamisha tu hilo jini."

Ukweli ulikuwa maneno mawili tu, na Sumaku hakuyatoa. Aliogopa jicho la dada yake kuliko jini. Saa saba mchana, Mwalimu akiwa amelala, aliingia uani kimyakimya, akapigilia misumari kwa jiwe lililofungwa kitambaa, akavaa hedifoni na kupitisha mashine pembe zote nne. Ikakoroma kama zamani. Akashusha pumzi, akaziacha hedifoni shingoni.

"Nani yuko uani?"

Ilikuwa sauti ya dada. Alitoka mbio na daftari lake mkononi, akamkumbatia, akicheka na kulia. Harufu ya kutu ilikuwa imeondoka.

"Na yule mshenzi nimeshamwandikia aje," alisema. "Leo mtaa mzima utamjua."

Fundi bomba alikuwa amefika langoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi pembe sikugusa. Nina watoto, nikiitwa mchawi nani atanipa kazi?"

"Mdogo wangu alikuona."

Wote wawili wakamgeukia. Aibu ikamkaba Sumaku, na kwa mara ya kwanza akaishinda. Akafungua mdomo aseme ni mimi. Ikatoka pumzi tupu.

"Ni huyu huyu," ikasema sauti yake mwenyewe, polepole, kutoka kwenye hedifoni zilizokuwa shingoni. "Nilimwona kwa macho yangu."

Akatikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Akalinyakua daftari la dada, akaandika: *Ni mimi. Niliing'oa mimi.*

Mwalimu akasoma. Akasoma tena. Fundi bomba naye akasoma, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

"Si uliniahidi?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Midomo ya Sumaku ilichezacheza bila neno. Shingoni, ile sauti iliyokuwa yake ikajibu kwa upole:

"Nakuahidi, dada."